Halwa ya Shukrani

Mwiko ulianza kuwa mzito. Mmanga bin Jecha aliukamata kwa mikono miwili, akausukuma hadi ukingoni mwa sufuria ya shaba, akauvuta tena kifuani, kama alivyofanya tangu ujana wake katika jiko hili la mtaa wa Kiponda. Halwa ukiiacha muda wa kufuta jasho tu, imekwisha shika chini. Hilo hakulisahau. Madaktari wa Bombay walimfungua fuvu, wakatoa uvimbe uliokuwa nyuma ya paji la uso, kisha wakamchoma kwa miale majuma mengi hata nywele za mbele zikapukutika zisirudi. Lakini mikono hawakuigusa.

Kilichobaki huko Bombay hakukijua jina. Aliporejea, watu walijaa gatini wakamwambia amepona, naye akaona ni wajibu wake kushukuru. Alishukuru kwa ulimi. Moyoni hapakuwa na kitu. Alikaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kutamani kuinuka, na chakula kinywani kilikuwa kama karatasi. Siku moja alilia kwa sababu mkewe, Bi Shemsa, alimmiminia kahawa; siku ya pili akamkaripia kwa kahawa hiyo hiyo, akaisukuma ikamwagika. Bi Shemsa alifuta sakafu.

Ndipo Mmanga alipojiwekea sharti. Halwa ya maulidi ya shukrani ataipika mwenyewe. Ikitoka kama ya zamani, basi unyonge huu ulikuwa uchovu wa safari tu, na yeye ni Mmanga yule yule.

Akatia iliki, akatia kungumanga. Harufu ilimjia, au alidhani imemjia, kwa kuwa aliikumbuka vizuri mno. Akafungua kopo la samli aliyojiwekea kabla ya kusafiri, akaimimina kidogo kidogo. Samli ikametameta juu ya halwa, na bila kujijua akaanza kuimba kasida kwa sauti ya chini.

Bi Shemsa aliteremka ngazi, akasimama mlangoni, pindo la kanga likiwa puani.

"Bwana, umetia samli ipi?"

"Ile ya kopo. Kwani vipi?"

Bi Shemsa akaliteremsha pindo la kanga. "Hapana kitu," akasema. "Nlikuwa nauliza tu."

Maulidi yakasomwa baada ya alasiri. Sahani zikapitishwa, wageni wakala, kila mmoja akisema mashaallah. Mmanga alikuwa akimngoja mtu mmoja tu: Machano, mpishi wa halwa wa mtaa wa Malindi, ambaye tangu wajuane hakupata kula halwa yake bila kuikashifu. Machano akamega, akatafuna taratibu, akameza, akateremshia vikombe viwili vya kahawa chungu.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Bwana Mmanga. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya."

Mmanga akamsogelea.

"Ubwana huu umenipa tangu lini?"

"Ni heshima tu."

"Machano, nitukane."

"Leo siku ya maulidi, bwana."

"Na mwaka juzi ilikuwa siku ya maulidi, ukasema halwa yangu ni ya kuzibia ngalawa. Nikakwambia yako hailiwi, hunywewa. Nambie, leo ina nini?"

Machano akaitazama mikono yake. "Samli imeoza, ndugu yangu. Nlipoingia mtaani tu nshainusa. Weye hukuisikia?"

Mmanga alichukua kipande, akakiweka juu ya ulimi. Utamu wa sukari ulikuwapo. Nyuma yake hapakuwa na samli wala iliki wala kungumanga; palikuwa patupu kama chumba kilichohamwa. Akazitazama sahani mkekani. Zote zilikuwa nyeupe, hazina kitu. Jamaa na majirani, wazee waendao kwa fimbo, walikuwa wamekula uozo ule hadi mwisho kwa ajili yake.

"Wameimaliza," alisema.

"Tumeimaliza," alijibu Machano.

Wageni walipotawanyika, Bi Shemsa alileta chetezo chenye makaa na udi. "Simama nikufukize kanzu," alisema, kama desturi yake kila baada ya maulidi. Mmanga akasimama. Bi Shemsa akakiweka chetezo katikati ya miguu yake, akalishika pindo la kanzu ili moshi usipotee pembeni.

"Ulijua," Mmanga alisema.

"Nlijua."

"Usinambie?"

"Ulikuwa ukiimba, bwana."

Moshi ulipanda ndani ya kanzu, ukamtokea shingoni, ukapita mbele ya uso wake hadi kwenye kovu la paji. Mmanga alifumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa kina zaidi. Bi Shemsa aliinua uso, akingoja aseme kama ameisikia harufu, pindo la kanzu bado mkononi.