Nyumba Isiyo na Udi

"Hebu niambie, abaayo, dada yangu, ni kazi gani itakayomngoja mtu miezi minne na siku kumi?" Rahmo, jirani wa ukuta kwa ukuta hapo mtaa wa Iftin, alimuuliza Sirad juma la pili la eda yake.

Mume wa Sirad, Dubow, alikuwa kaburini, Mungu amrehemu, na yeye hatoki nyumbani mpaka eda iishe. Miaka sita alikuwa mpokeaji maziwa ya ngamia kwenye kiwanda kimoja mjini Garissa. Hufungua dumu, akanusa, akasema lipite au lirudi. Pua hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe watatu. Lakini sheria ya kiwanda ilitoa siku tano tu za msiba, na Bishar, msimamizi wa mapokezi, alishaanza kusema jina lake lifutwe.

Alhamisi akaja Fowsiya, meneja wa wafanyakazi, binti wa miaka thelathini hivi. Sirad akajua barua ya kufutwa kazi imefika. Lakini binti alivua viatu, akaketi mkekani, akamwombea marehemu, kisha akanusa hewa ya chumba. Wakubwa wa ofisi Sirad aliwaona wengi. Aliyeanza kwa kuketi mkekani hakupata kumwona.

"Eddo, shangazi yangu," Fowsiya akasema, "nyumba yako haina harufu yoyote."

"Nifukize udi nami niko eda? Marashi, wanja, vyote nimeweka kando."

"Sisi kule tunanukia kama duka la maharusi!" Fowsiya akacheka. "Marashi yetu yanafunika harufu; tangu uondoke maziwa mabaya yanatupita. Nikikuletea wasichana wawili kila asubuhi, utawafundisha kunusa hapa hapa? Itahesabiwa kazi."

Basi Ruweyda na Mulki wakawa wanakuja jua likichomoza, bila marashi, na vichupa vya maziwa kwenye kikapu: ya jana yaliyochanganywa na ya leo, ya dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, ya kibuyu kilichofukizwa vizuri.

Rahmo akatikisa kichwa. "Wallahi unawafundisha watakaokufukuza, wewe!"

Neno hilo likamkaa Sirad kifuani. Alifikiria kuficha jambo moja tu, libaki lake. Lakini kila alipoinua mikono baada ya swala aliona haya. Akawafundisha yote.

Siku ya kurudi kiwandani, aliweka kidole kwenye mashine ya mlangoni. Taa nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu.

"Mashine imeshakusahau, mama," Bishar akasema, akichezesha funguo za chumba cha mapokezi. "Hao wasichana wawili wanatosha. Mtu hakai nje miezi minne halafu..."

"Nani alikaa nje?" Fowsiya alikuwa nyuma ya Bishar na daftari la mahudhurio. Akalifunua. Kila siku Fowsiya alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mwenyewe: Sirad, yuko kazini, Iftin. "Miezi mitatu sasa hakuna dumu baya lililopita, na wanaonusa ni wanafunzi wake. Kuanzia leo mapokezi yote yako chini yake. Nawe pia, Bishar."

Bishar akawageukia wasichana, labda mmoja atamtetea.

"Mwalimu, karibu," Ruweyda akamwambia Sirad. "Madumu yanakungoja."

Bishar akaziweka funguo kwenye meza ya mlangoni mbele ya Sirad, polepole, akatoka.