Baridi ya Agosti

Hapa Melbourne, sisi Wayahudi tuliookoka vita tukiwa watoto tunakutana Jumapili nyumbani kwa Izio, tunakunywa chai ya limau na kuyatapika yetu. Sheria ni moja tu: kumbukumbu ya mtu haisahihishwi. Sheria nzuri, ila mimi Tosia sina breki mdomoni.

Lusia alikuja mara ya kwanza baada ya kumzika mama yake, kikongwe ambaye yeye Lusia alimuuguza miaka na miaka. Hata hajakaa vizuri, akaanza.

"Nataka kulitoa hili kabla sijafa. Nilimuua mdogo wangu."

"Kula keki kwanza, dada," Izio akamwambia.

"Sitaki keki yako!"

Akasimulia. Alikuwa na miaka sita, huko Poland, wamejificha kwenye shimo chini ya zizi, watu wamebanana, wanaume wamevua mashati kwa joto la Agosti. Wajerumani wakaingia zizini, wakawa wanatembea juu ya vichwa vyao. Natanek, mdogo wake mchanga, akalia.

"Mama akamkumbatia kwa nguvu, mtoto akanyamaza. Wajerumani wakaondoka. Asubuhi alikuwa amekufa. Mama akaniambia ni mimi, nilimvua blanketi usingizini, baridi ikamuua. Basi nilimwomba Mama msamaha mpaka juzi, akikata roho. Hakunijibu."

Sote pale tulijua vichanga walivyonyamazishwa mashimoni. Izio akanikazia macho: Tosia, thubutu uone!

Nikathubutu. Hasira ilinipanda juu ya yule bibi kizee kaburini.

"Baridi gani, Lusia? Wanaume wako vifua wazi kwa joto, mtoto afe kwa baridi? Mama yako alimziba pumzi, mwenzangu. Alimziba ili nyinyi mpone. Halafu akakutwisha wewe."

"Tosia, funga bakuli lako!" Izio akafoka.

Lusia hakulia. Akanigeukia.

"Mimi sikuzaa," akasema. "Mume wangu alinibembeleza mpaka akachoka, akaenda zake. Niliogopa nitamuua na wangu."

"Na mama yako hakusema kitu?" nikamuuliza.

"Alisema. Alinishika mkono, akaniambia, afadhali, mwanangu. Wewe si wa kuachiwa mtoto."