Kikohozi cha Kompyuta

Jumamosi saa nne asubuhi kompyuta ilijizima kwa mara ya sita. Ilikaa kimya sekunde kumi, ikajiwasha yenyewe, ikaomba nywila. Mpiga chapa akaiandika nywila, akaifungua fomu ya kiwanda, akaanza upya kwenye jina la marehemu.

Alikuwa amepiga chapa shuleni miaka ishirini na sita, na hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Alikuwa akiijaza kwa sababu cheti cha kifo cha mumewe, kilichoandikwa na daktari wa kiwanda cha kusaga mawe, kilisema mapafu yameharibiwa na sigara. Mumewe hakuwahi kuvuta sigara maishani. Hata moshi wa jikoni ulimtoa mbio. Mwisho wa kupokea malalamiko ulikuwa Jumatano.

Akahamishia waya kwenye soketi nyingine. Akafuta programu ambazo hakujua nani aliziweka. Ilipojizima mara ya tisa, alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa fundi wa redio na kompyuta.

Shemeji alifika na mkoba wa bisibisi. Akapima umeme, umeme haukuwa na neno. Akachomoa vibao vya memori, akavifuta kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Ikajizima. Akaweka vibao vingine. Ikajizima vilevile.

"Feni inazunguka," alisema, "lakini joto linapanda kama homa. Niifungue yote?"

"Ifungue, shemeji. Leo ni sisi na yeye."

Alipoondoa ubavu wa boksi, vumbi la kijivu lilimwagika mezani, laini kama unga, la kutosha kujaza sufuria. Shemeji alilisugua kati ya vidole.

"Hili ni la kiwandani."

"Naliona."

"Na kiwanda kiko huko ng'ambo ya reli."

"Nimelifua kwenye mashati yake miaka kumi na tisa," alisema mpiga chapa. "Nipe brashi."

Walisafisha hadi kwenye nyufa. Kompyuta ikawaka vizuri, wakanywa chai. Mpiga chapa alipofika ukurasa wa pili wa fomu, ikakohoa. Ilikohoa mara tatu, kavu, ikavuta pumzi ndefu yenye mluzi mwishoni, kisha ikajizima.

Shemeji akaweka kikombe chini. "Kaka," alisema.

"Ndiye. Huo mluzi ulimwanza mwezi wa mwisho."

Shemeji alifunga mkoba wake, maana hapo hapakuwa na kipuri cha kubadilisha. "Sasa tufanyeje?"

"Kama nilivyofanya naye."

Alipougua, mumewe hakuweza kulala chali. Kwa hiyo mpiga chapa alileta mito miwili, akaliegemeza boksi juu yake, akafungua madirisha yote, akawa analipigapiga mgongoni kwa kiganja. Alipotaja beseni la maji ya moto, shemeji alikataa katakata.

"Mvuke hapana, shemeji. Utamuua mara ya pili."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Toka hapo kompyuta ikawa inadumu dakika ishirini, wakati mwingine ishirini na tano. Mpiga chapa alihifadhi kila mstari alioumaliza. Ikianza kukohoa, aliondoa mikono kwenye kibodi, akaisubiri, kisha akaendelea. Kila asubuhi alifungua ubavu na kukung'uta vumbi jipya ndooni. Jumanne alasiri alifika penye swali la chanzo cha ugonjwa. Feni ikasimama. Kompyuta ikabana pumzi dakika tisa nzima, na skrini haikutikisika, hadi alipobonyeza kitufe cha kutuma.

"Haya, pumua," alimwambia.

Ikapumua. Yeye akabaki ameegemeza paji la uso kwenye boksi, ambalo lilikuwa la moto, hadi lilipopoa.

Jumatano aliipeleka ndoo kwenye ofisi ya kiwanda kama kielelezo. Karani wa mapokezi alilipima vumbi, akaandika risiti: kilo saba na robo, limetoka kwenye kompyuta. Alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwita mama, akamwambia barua itafuata.

Barua ilifuata baada ya wiki mbili. Kamati ilisema imelichunguza vumbi na kuthibitisha kuwa ni la kiwanda. Kwa kuwa ni mali ya kiwanda, lilikuwa limesharudishwa kwenye uzalishaji, na mama alishukuriwa kwa uaminifu wake. Sababu ya kifo ilibaki sigara.

Aliisoma mara mbili, akaitoboa, akaiweka kwenye faili. Fomu ya rufaa ilikuwa na kurasa kumi na moja. Akaanza ya kwanza siku hiyohiyo.

Alhamisi mke wa mchoma vyuma alibisha hodi. Mumewe naye alikuwa akifanya kazi kiwandani, na walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Alishika cheti chenye mwandiko uleule na neno lilelile. Mpiga chapa alihifadhi rufaa yake, akafungua fomu mpya, akaandika jina la mchoma vyuma.

Kompyuta ikakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha majimaji, na mwishoni kilifuatwa na kicheko kifupi, kama cha mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua wenzake.

"Huyo ni wangu," alisema mgeni, akavuta kiti.

"Basi wewe mshike mgongo," alisema mpiga chapa, "mimi niandike."