Chumba cha Kupoa

Mtaani waliwaita ukoo wa pilipili, nao walilipokea jina hilo kama tuzo. Babu mwenyewe alianguka akafa akigombana na jirani kwa ajili ya kuku, na kuku hata hakuwa wake. Watu wakasema amekufa na hasira zake, wakamzika, wakacheka kidogo. Binti yake, msusi mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikua akijua kwamba hasira zao ni za damu na dawa yake ni moja. Aliyepandwa na hasira huingizwa chumba cha nyuma, mlango ukafungwa kwa nje, mpaka apoe na kuomba msamaha.

Basi mwanawe wa pekee alipoanza kutokwa na jasho ghafla, midomo ikimpauka na moyo ukimdunda hadi shingoni, msusi hakuuliza mara mbili. "Damu haipotei," aliwaambia wateja huku akisuka, tena kwa fahari, Mungu amsamehe. Mtoto akafungiwa, leo na kesho. Mwisho akawa anaingia mwenyewe bila kuambiwa.

Alipozimia shuleni ndipo daktari alipompiga picha na kuonyesha uvimbe uliokaa juu ya figo.

"Huu ndio unaomwaga kemikali zinazokimbiza moyo na kupandisha presha," alisema. "Ni ugonjwa wa kurithi, kwa hiyo na wewe mama tutakupima. Tutautoa, ila kwanza anywe dawa hizi. Hali ikimrudia, usimwache peke yake. Mlete haraka."

"Kwa hiyo si hasira?"

"Hasira gani, mama? Huyu ni mgonjwa."

Msusi alirudi nyumbani akang'oa komeo la mlango kwa kisu cha jikoni, akajikata kidole. Aliona haya hata kumtazama mtoto usoni. Wa kumwambia hakuwepo. Mume alishaondoka zamani, akidai pilipili zimemshinda.

Mchana mmoja wakiwa mezani, mtoto aliweka kijiko chini, jasho likimtiririka. Akainuka taratibu, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango na kuuziba kwa kitanda.

"Fungua, mwanangu! Twende hospitali!"

"Ngoja nipoe kwanza, mama."

"Hiyo si hasira! Hujakosea kitu, mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, fungua!"

Msusi aliusukuma mlango kwa bega, akausukuma tena huku analia, mpaka kitanda kikasogea akapenya. Mtoto alikuwa amekaa pembeni, uso ukutani, mikono magotini, kama alivyofundishwa. Akambeba mbiombio kuelekea barabarani, akipiga kelele kuomba gari, moyo wa mtoto ukimgonga kifuani.

"Niache tu, mama," mtoto alisema, akihema. "Mimi nimeshazoea."