Chuma Begani, Teke Tayani

Barua ya tatu ilifika Dilsari akiwa juu ya paa anaanika mboga. Mwalimu wa shule ndiye aliyeipandisha kutoka barabarani, mwendo wa saa nzima wa mlima, kwa hisani yake tu. Na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, akaketi barazani awasomee yeye na mumewe Tekbir kabla hata ya kufuta jasho.

Jeshi lilisema limepekua kumbukumbu zake upya na halikuona popote kwamba Tekbir Roka alijeruhiwa vitani. Lililoonekana ni kwamba katika mwezi wa Desemba wa vita vile, miaka arobaini iliyopita, aliumia nyuma ya mstari wa vita kwa teke la nyumbu wa kubebea mizigo. Safari hii walikuwa wameambatanisha nakala ya karatasi ya hospitali. Mwalimu aliisoma mara mbili, na mara ya pili alisoma polepole, kama mtu anayeomba radhi. Taya la kushoto limevunjika. Mgonjwa hawezi kusema.

Tekbir alilishika taya lake la kushoto, akalisukuma huku na huku. Halikuwa na kasoro. Meno yote ya upande huo yalikuwepo, ukiacha moja alilong'oa mwenyewe kwa uzi.

"Labda nimesahau," alisema.

Dilsari alishuka ngazini, akajifuta mikono, akasimama nyuma ya mumewe na kubonyeza bega lake la kushoto kwa kidole gumba. Alipajua mahali penyewe hata gizani. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa punje ya haragwe, na kila baridi ilipoingia kilikuwa kikisogea.

"Mwalimu," alisema, "wewe umesoma. Nyumbu gani anapiga teke halafu anaacha chuma ndani?"

Mwalimu alicheka, kisha akaona Tekbir hacheki, akainamia chai aliyopewa.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Tangu mwaka uliotangulia mkono ule ulikuwa unakufa ganzi. Vidole viwili havikuhisi tena moto wala maji. Daktari wa hospitali ya jeshi alisema chuma kile kinaweza kutolewa na mkono ukapona, ila yeye hupasua majeraha ya vita yenye karatasi, na Tekbir hakuwa na karatasi. Tena kulikuwa na wenzake, wazee wa pensheni waliokutana kwenye kibanda cha chai kila mwezi. Neno la nyumbu lilikuwa limewafikia tangu barua ya kwanza. Sasa akitokea, mmoja huuliza kama nyasi zimetosha mwaka huu, mwingine humsogezea kikapu cha majani. Alikuwa akicheka nao. Lakini usiku humuuliza mkewe kama kweli amewahi kumwona akiogopa nyumbu.

Basi kesho yake aliteremka mjini na barua zake tatu ndani ya mfuko wa plastiki.

Karani wa ofisi ya wastaafu alikuwa koplo wa zamani, Purna Thapa, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kulikuwa na foleni, lakini alipoona jinsi mzee alivyobeba mkono wake kwa mkono wa pili, alimtolea kiti, akakiweka dirishani penye jua. Foleni haikulalamika. Mama mmoja hata alimshikia mfuko wake alipokuwa akikaa.

Purna alizisoma barua, akamtazama taya, akarudi kwenye barua.

"Mzee Tekbir, hebu niambie wewe. Ilikuwaje?"

Tekbir alieleza alichokijua. Bomu la mzinga lilianguka kando ya handaki alfajiri. Hakusikia mlio. Alizinduka hospitali ya mahema, kisha akapelekwa hospitali kubwa, akalala huko miezi minne, kitanda namba kumi na saba. Daktari alitoa vyuma vitano akasema cha sita kiko karibu mno na mshipa, kikae. Alipopona walimpa karatasi ambayo hakuweza kuisoma, na panya wakaila karatasi hiyo kwenye sanduku. Hayo ndiyo aliyoyajua. Lakini sasa, aliongeza, hana hakika tena. Karatasi haina sababu ya kumchukia. Huenda kuna nyumbu aliyekuja baadaye.

"Karatasi haina chuki," alisema Purna, "lakini haina macho vilevile."

Alimwambia kwamba njia iliyobaki ni shahidi, mtu wa kikosi chao aliyeumia siku zile. Akapiga simu kwa rafiki yake kwenye ofisi ya kumbukumbu, akangoja, akaandika. Alipoweka simu chini alikuwa amekunja uso.

"Ajabu. Wiki ile kikosi chenu kina mtu mmoja tu aliyepigwa na kipande cha bomu bega la kushoto. Vipande vitano vilitolewa, kimoja kikaachwa. Kitanda kumi na saba. Alipewa na medali ya jeraha." Akaisogeza karatasi yake kwenye mwanga. "Harkaman Gurung."

Tekbir aliinamisha kichwa, akaweka kiganja kifuani.

Purna alidhani mzee amezidiwa, akainuka kumwitia maji. Tekbir akamzuia. Si ugonjwa, alisema. Huyo uliyemtaja ni mitju wangu. Jina lake halipiti hivihivi.

Kwao watu wawili wakipendana huapishana undugu na kubadilishana zawadi, hata kama ni wa koo tofauti, na tangu siku hiyo huitana mitju mpaka kifo. Hawatajani tena kwa majina. Mwingine akilitaja jina, wewe unaliinamia, kama unavyomwinamia mwenyewe. Purna aliyajua hayo tangu utoto. Ndiyo maana aliigongagonga kalamu kwenye meza kabla ya kuuliza.

"Mlibadilishana nini siku mlipoapishana?"

"Tungebadilishana nini handakini? Hatukuwa hata na sarafu. Tulibadilishana makoti."

"Na vitabu vya utambulisho vilikuwa wapi?"

Tekbir aligusa kifua, mahali pa mfuko. Vitabu vilikuwa kwenye mifuko ya makoti, mfuko wa ndani. Na zawadi ya kiapo haipekuliwi. Unaipokea kama ilivyo, na kilichomo ndani kimekwenda nayo.

"Na kule kwenye mahema," Purna aliuliza, sasa kwa sauti ya chini zaidi, "walikuuliza jina?"

Hapo ndipo Tekbir alipomwona yule muuguzi tena, baada ya miaka arobaini: kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kitabu mkononi, akiinama juu yake na kusoma jina la mitju wake. Naye, ulimi mzito kama jiwe, alidhani anaulizwa habari za nduguye. Akafanya alichofundishwa na mama yake kufanya. Aliinamisha kichwa. Na muuguzi akaandika.

"Basi nyumbu," alisema Tekbir, "alikuwa wa mitju."

Alikumbuka sasa lile taya lililokaa upande, na jinsi mitju wake alivyokunywa pombe ya ulezi kwa pembe ya mdomo. Alipoulizwa, mitju alikuwa akisema tu kwamba aliamkiwa vibaya. Alipigwa teke akiwa ndani ya koti la Tekbir, asiweze kusema, na kitabu cha Tekbir mfukoni.

Njia nzima ya kurudi Tekbir hakujua afurahi au afanye nini. Jeraha limepatikana, lakini lina mwenyewe. Mitju wake alikuwa amekufa miaka kumi na minane iliyopita. Mjane wake, Maina, aliishi kwenye kilima cha pili ng'ambo ya mto, na Purna alikuwa amesema wazi kwamba bila sahihi ya mjane hakuna kinachosogea. Kulichukua jeraha kutoka kwa marehemu na kumwachia nyumbu, ni haki hiyo au ni wizi? Alimuuliza Dilsari. Dilsari alisema hajui, akamfungia mayai sita kwenye kitambaa ampelekee Maina.

Maina hakumuuliza lililomleta. Alimpikia kwanza, ugali wa ulezi na nyama kidogo, na nyama akaikata vipande vidogo vidogo kabla ya kuiweka mbele yake, ili mkono mmoja utoshe. Hakusema neno juu ya hilo. Tekbir aliiona medali ukutani chini ya picha. Siku zote alikuwa akiiona, akidhani ni ile ya vita waliyopewa wote.

Alieleza kwa kuzungukazunguka. Alianza na makoti, akaenda kwa muuguzi, akarudi kwa makoti, akapotea. Mwishoni Maina alianza kucheka, mkono mdomoni.

"Mitju wa mume wangu, mimi nimelala kando ya bega lile miaka ishirini. Unadhani sikujua halina hata mkwaruzo?"

Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa barua iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni. Mumewe aliwaandikia watu wa jeshi medali ilipokuja, akawaambia si yake, yeye alipigwa na nyumbu, waipeleke kwa mwenye jeraha. Wakamjibu kwa barua hiyo kwamba unyenyekevu wake ni mfano kwa askari wengine, na medali itabaki kwake. Aliona haya. Kila sikukuu ya Dasain, Tekbir alipokuja kupakana naye mchele wa baraka kipajini, alikuwa akitaka kumwambia. Kila mara akaishia kumwongezea kinywaji.

Tekbir aliishika barua ile kwa vidole vyake vyenye kuhisi.

"Atabaki na nyumbu tu," alisema.

"Aliomba mwenyewe apewe nyumbu wake," alisema Maina. "Miaka yote hiyo wamemnyima."

Wakaenda mjini wote watatu, Dilsari pia, kwa kuwa alisema hawaamini wale wawili mbele ya karatasi. Purna aliisoma barua ya zamani, akaimba wimbo mdogo puani. Alijaza fomu. Kisha akasema kuna kiapo, na kiapo hutamkwa: kila shahidi ataje kwa mdomo wake jina la marehemu ambaye kumbukumbu zake zinasahihishwa.

Tekbir aliinuka. Midomo ilifunguka. Alilitafuta jina lile kooni, akalikuta pale pale alipoliacha handakini, na hakuweza kulipandisha. Purna akamgeukia Maina. Maina alivuta shela usoni. Yeye mke atalitajaje jina la mumewe?

"Mimi niko tayari kulitaja," alisema Dilsari, "lakini mimi sikuwapo."

Watu wa kwenye foleni walikuwa wamesogea karibu. Purna aliwatazama wazee wale wawili, akaitazama fomu, akavua miwani na kuivaa tena. Mwisho alisimama, akafunga vifungo vya koti lake kama yuko gwaride.

"Mimi nitalisoma," alisema. "Ninyi mnajua la kufanya."

Akasoma, polepole, jina la kwanza na la ukoo, na namba ya askari.

Wakainama wote wawili, kiganja kifuani. Na Purna, akiwa bado amesimama, akaandika kwamba mashahidi wamekiri.