Chumba Kisichoitika

Tuelewane mapema: mimi Zamzam si mwoga. Nimeendesha gari juu ya barafu huku Marekani, kutoka Champlin hadi Fridley, mume wangu Salmin akiomba dua kando yangu utadhani ndege inaanguka, na mimi natafuna ubani tu. Lakini chumba cha watoto cha maktaba ya mtaa wetu kilinitetemesha, na sioni haya kusema.

Kilikuwa chumba cha Margaret, mama wa Kikisii aliyekuwa mkutubi pale. Alikiendesha kama nyumba yake. Mtoto akifika, awe Msomali, Mkongomani au Mzungu, avue buti za theluji kule mlango mkubwa, aje na soksi, kisha abishe hodi. "Hooodi," kwa sauti ya chini, maana ni maktaba. Margaret akisema karibu, ingia. Ukibisha mara tatu kimya, rudi kwenu bila kinyongo, mwenyeji ana udhuru.

Nilikuwa nikimcheka. "We Margaret, wafunza Wamarekani adabu za pwani?"

"Nani alikwambia ni za pwani peke yenu? Panga vitabu huko!"

Margaret akafariki kabla ya theluji ya kwanza. Hawakuajiri mwingine. Hata karani wa mlango mkubwa walimwondoa, mahali pake wakaweka mashine ya kujiazimia vitabu. Nikasema ng'o, chumba hiki hakifungwi mimi nikiwa hai. Nikaomba ufunguo, nikawa najitolea shule zikitoka. Naegesha gari nyuma, napitia mlango wa nyuma, nafunga mlango wa chumba kwa ajili ya baridi, nawangoja watoto.

Hakuja mtoto. Ilikuja sauti.

"Hooodi."

Ilikuwa yake. Alivyoivuta, alivyoishusha mwisho, ni Margaret mtupu. Sikusikia kishindo cha mguu wala mchakacho wa nguo. Nyanya yangu wa Kibokoni, kule pwani kwetu, alinionya tangu utotoni: sauti usiyemwona mwenyewe, usiiitikie, itakuchukua. Nikafumba mdomo, nikasoma Ayatul Kursi. Sauti ikabisha tena, na tena, halafu kimya. Nilipopata moyo wa kuchungulia, ukumbi ulikuwa mtupu.

Siku ya pili, vilevile. Na ya tatu. Wallahi nilikonda.

Ndipo akaja Lenny, kijana wetu wa Kenya anayefanya kazi na bodi ya maktaba. Hakukaa.

"Anti, pole. Kuna kifaa mlangoni mwa chumba hiki kinahesabu wanaoingia. Tangu Mama Margaret atuache, kinasema hakuna anayeingia ila wewe. Bodi inakuja Alhamisi kupiga kura. Chumba kitakuwa stoo ya viti."

"Stoo? Na watoto wa fleti hizi za jirani wakasomee wapi, ndani ya friji?"

"Watoto gani, Anti?"

Nilikwenda kulilia ndani ya gari.

Alhamisi wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa kidevu. Susan, mwenyekiti wao, ni mtu mpole, na upole wake ndio ulioniuma. Alisema, "Zamzam, nionyeshe mtoto mmoja tu anayekihitaji chumba hiki."

Nikafungua mdomo nijitetee. Mlangoni pakasikika: "Hooodi."

Safari hii si mimi peke yangu niliyeisikia. Susan aligeuka. Lenny, aliyebeba jeneza la Margaret kwa bega lake, alipauka kama unga.

"Anti," alininong'oneza, "hiyo ni sauti ya Mama."

"Naijua."

"Usijibu!"

Ikabisha mara ya pili. Nikatazama zulia la Margaret, nikawazia viti vimerundikwa juu yake mpaka dari. Hasira ikanipanda, ikaipita hofu. Kama amerudia chumba chake, basi ni haki yake! Ikabisha mara ya tatu.

"Karibu!" nilipiga ukelele. "Karibu ndani, ni kwako!"

Kitasa kikazunguka polepole.

Wakaingia watoto. Walikuwa wengi, na soksi zao za rangi rangi, wakinyata juu ya zulia bila kishindo. Mbele yao alikuwa Uwineza, kitoto kidogo kuliko wenzake, aliyejifunza kila neno la Kiswahili kwa Margaret, akaliiga mpaka sauti. Walikuwa wakija tangu mwanzo. Wanavua buti kule mbele pasipo na mtu, wanabisha, hawaitikiwi, wanarudi kwao kama walivyofunzwa. Kifaa kinahesabu waliovuka kizingiti. Waliobisha wakaondoka, kitawajulia wapi?

Susan alitazama zile soksi. Kisha akauliza nani anataka kifungwe. Hakuna mkono ulioinuka. "Basi tutafuteni mkutubi," alisema.

Nikamkumbatia Uwineza huku machozi yananitoka. "Mwanangu, vipi hamkukata tamaa?"

"Tulikuwa tumeshaacha kuja," alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. "Lakini jana nilipita peke yangu nikabisha, na ukaniitikia. Ukasema nisiingie leo, kesho nije na wenzangu wote."

Jana nilikuwa Roseville na Salmin tangu asubuhi. Chumba kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mkobani mwangu.

Siku hizi nami nabisha hodi kabla ya kufungua.