Fulana za Semina

Tangu biashara ya mpakani ilipolegezwa, malori ya Kenya yamekuwa yakija kuchukua mchele kwenye mashine yetu hapa Ifakara, yakiwa na wapakiaji wao. Mume wangu Fulgensi, aliyebeba magunia hapo tangu hajanioa, akawa anashinda nyumbani akikosoa mboga zangu. Nikamwomba Mungu chama cha wafanyakazi kifanye kitu. Kikafanya kweli: kikaleta semina.

Akaja Bwana Beatus kutoka makao makuu, na fulana za kijani na mada ya soko huria. Mimi nikapewa kazi ya kupika. Wanachama wetu walinuna, wakakaa nje karibu na masufuria yangu. Walitaka kazi, si mada. Viti vya mbele vikajazwa na wapakiaji wa Kenya waliokuwa wanakimbia jua. Beatus angewatambuaje? Ukishajaa pumba za mpunga, huna nchi. Akawavalisha fulana, akawafundisha asubuhi nzima: kazi sawa, malipo sawa, ukinyimwa unagoma.

Sijaona semina iliyosikilizwa namna ile. Wale vijana walikuwa wanalipwa nusu ya wanacholipwa wapakiaji wa Ifakara, ndiyo maana tajiri wao aliwabeba safari yote hiyo. Walipomaliza kula wakaketi mbele ya lori lao na fulana zao, wakagoma. Beatus alipiga makofi mpaka aliposikia lafudhi yao.

Tajiri hakuhangaika. "Wenyeji, njooni mpakie. Na kuanzia leo kazi hii ni yenu."

Ndiyo kazi tuliyokuwa tunaililia. Fulgensi akajitwika kichwani kata yake ya kubebea magunia, akaenda, wenzake nyuma. Mimi nilishaanza kununua sabuni na sukari moyoni.

Kiongozi wa wale vijana, Barasa, akasogeza miguu kumpisha. "Pita tu, mzee," alisema. "Hata mimi niko na watoto."

Fulgensi akasimama.

"Baba Dativa, magunia yako kule!" nikampigia kelele.

Akaitoa kata kichwani, akaiweka chini kando ya Barasa, akaikalia. Wenzake wakatazamana, kisha nao wakakaa, mmoja mmoja.

"Mama Dativa," akaniita, "kesho kwenye mboga usizidishe chumvi."

Nilimkasirikia sana. Kisha nikawapakulia wote wali uliobaki, na wa Barasa nikauongeza.